Nimebadili dini, lakini sala za marehemu baba bado zinaniliza: je, nimekosea?

"Shikamoo mshauri. Nina umri wa miaka 31. Nimelelewa katika dini ambayo ukoo wetu umeifuata kwa vizazi vingi, na baba yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtu wa kuheshimika katika ibada. Miaka miwili iliyopita, baada ya kusoma na kuuliza kwa muda mrefu, nilibadili dini kwa sababu niliamini nimeuona ukweli. Familia yote inajua. Sijutii, ila sina amani. Baba mdogo ananiita msaliti. Mama hanigombezi, ananyamaza tu, na ukimya wake unaniumiza zaidi. Mwezi uliopita aliumwa sana, na usiku mmoja akanipa kitabu cha sala cha marehemu baba akaniomba nimsomee. Nilipokishika nikaona alama ya kidole gumba cha baba kwenye pembe za kurasa. Nikashindwa kusoma, nikashindwa pia kukirudisha. Dada yangu ndiye aliyekichukua mkononi mwangu akasoma, nami nikatoka nje nikalia. Tangu siku ile najiuliza kama machozi yale ni dalili kwamba moyo wangu unajua nimekosea. Wakati huohuo viongozi wa ibada yangu mpya wananitaka nisimame mbele ya watu nieleze jinsi nilivyotolewa gizani, na mimi siwezi kuiita nyumba ya wazazi wangu giza. Je, ukweli una haki ya kunitenganisha na watu walionizaa? Na nitajuaje kama ninachokitumikia ni ukweli na si ukaidi wangu?"

Marahaba. Nimelisoma swali lako mara kadhaa kabla ya kukujibu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye kitabu ulichoshindwa kukisoma na ukashindwa pia kukirudisha. Umeuliza mambo manne, na nadhani sehemu ya maumivu yako inatokana na kuyafunga yote katika fundo moja: kama machozi ni ushahidi, kama kubadili dini ni usaliti, kama unawajibika kutoa ushuhuda wa namna unayotakiwa, na kama ni ukweli au ukaidi unaokuongoza. Nitayafungua moja baada ya jingine. Sitakuambia dini ipi ni ya kweli, kwa kuwa hukuniuliza hilo, na mshauri anayejibu kwa maandishi hana haki ya kukuamulia. Lakini sitakuficha ninavyofikiri kuhusu namna mtu anavyopaswa kuutumikia ukweli anaoamini ameuona.

Tuanze na machozi. Sala ulizofundishwa utotoni hazikuingia ndani yako kwa njia ya hoja. Ziliingia kabla hujajua maana ya maneno yake, zikiwa zimefungamana na sauti ya baba, na namna mlivyokaa, na utulivu ulioishukia nyumba saa ile ya siku. Wanasaikolojia hutofautisha kumbukumbu ya mambo tunayoweza kuyaeleza na kumbukumbu ya mambo ambayo mwili umeyazoea kwa kuyarudiarudia, kama kuendesha baiskeli au kufunga vifungo gizani. Hii ya pili hudumu kwa namna ya ajabu. Wanaouguza wazee waliopotewa na kumbukumbu wanalijua jambo hili vizuri: mzee aliyesahau jina la mwanawe anaweza bado kuimalizia sala aliyojifunza akiwa na miaka sita. Basi ulipofikia uamuzi wako miaka miwili iliyopita, uliufikia kwa akili inayopima na kulinganisha, na sehemu ile nyingine ya nafsi, iliyoihifadhi sauti ya baba, haikuulizwa wala haikuhitaji kuulizwa. Imeendelea kuitunza amana yake kama kawaida.

Helen Rose Fuchs Ebaugh, mwanasosholojia ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtawa kisha akaacha utawa, alichapisha mwaka 1988 utafiti wake kuhusu watu walioacha nafasi iliyokuwa imeyajaza maisha yao: watawa, madaktari, walioachana na wenzi wao, na wengineo. Jambo moja analolionyesha ni kwamba mtu hatoki mzima mzima. Nafasi ya zamani huacha mabaki ndani yake, na kuyaona mabaki hayo hakumaanishi kwamba uamuzi wa kutoka ulikuwa mbaya. Ninakuomba ujipime kwa swali hili moja. Kama kitabu kile kingekuwa daftari la mahesabu la baba, lenye alama ileile ya kidole gumba kwenye pembe za kurasa, na mama mgonjwa akakuomba umsomee baba alikuwa anamdai nani, je, usingelia? Mimi naamini ungelia. Kilichokutoa nje usiku ule kilikuwa kidole cha baba yako.

Hata hivyo sitakuwa mkweli kwako nikiishia hapo. Ikiwa machozi uliyoyatoa kwa ajili ya sala ya zamani hayathibitishi kwamba dini ya zamani ni ya kweli, basi machozi ya furaha uliyoyatoa katika ibada mpya nayo hayathibitishi kwamba hiyo mpya ni ya kweli. Kipimo ni kimoja. Mtu hawezi kuyakataa machozi ya upande mmoja kama ushahidi kisha akayapokea ya upande wa pili. Hisia zina kazi kubwa katika maisha ya imani, ila kazi ya kuamua lipi ni kweli zimebebeshwa tu, na haziimudu.

Nije kwenye kosa ambalo naliona pande zote mbili za maisha yako. Baba mdogo anasema dini ya ukoo ni ya kweli kwa kuwa ni ya ukoo. Katika ibada yako mpya, bila shaka umewahi kumsikia mtu akisema kwamba wale wengine wanafuata mkumbo wa mababu, kana kwamba kurithi peke yake ni hoja ya kuikanusha imani. Wote wawili wanachanganya njia ambayo imani ilikufikia na uhalali wa imani yenyewe. Hati ya shamba haiwi bandia kwa sababu ulilirithi, wala haiwi halali kwa sababu ulilinunua kwa jasho lako. Lazima ifunguliwe isomwe. Mwaka 1965 wanasosholojia John Lofland na Rodney Stark walieleza walichokiona kwa kukifuatilia kikundi kidogo cha dini mpya nchini Marekani: waliojiunga hawakuvutwa na mafundisho peke yake, kwa kuwa urafiki na watu waliokuwamo ulikuwa na nguvu kubwa katika kuwaingiza. Waliobadili dini wengi hufadhaika wakilisikia hili, kwa kuwa kila mmoja anapenda kuamini kwamba yeye aliongozwa na ukweli mtupu. Hakuna haja ya kufadhaika. Mkumbuke kwa shukrani rafiki aliyekufungulia mlango, kisha uipime hati kwa macho yako mwenyewe.

Kuhusu baba mdogo kuna jambo ambalo, kwa heshima na kwa wakati unaofaa, unaweza kumwambia. Ukirudi nyuma katika ukoo wowote duniani, mwishowe utamkuta mtu aliyekuwa wa kwanza kufuata dini ambayo wajukuu wake sasa wanaiita ya mababu. Mtu yule naye alikuwa na mama, na huenda mama yake naye alinyamaza kama wako anavyonyamaza. Simaanishi kwamba kila anayebadili dini yuko sahihi. Ninachosema ni kwamba neno usaliti ni zito kuliko tendo ulilolitenda. Kusaliti ni kumtoa mtu aliyekuamini, au kuvunja ahadi uliyompa, kwa faida yako. Hukuwahi kuwaahidi wazazi wako kwamba utaamini jambo fulani maisha yako yote, na hata kama ungeahidi, ungekuwa umeahidi usichokimiliki, kwa maana hakuna awezaye kujiamuru leo kuamini kesho jambo ambalo akili yake itakuwa imelikataa.

Deni unalo, na ni kubwa, lakini ni deni la malezi. Hilo hulipwa kwa kuuguza, kwa kutunza, kwa kusitiri, kwa kumsikiliza mzee anaporudia hadithi uliyoisikia mara kumi. Halilipwi kwa kutamka usichokiamini, na anayelipa kwa sarafu hiyo humpa mzazi wake noti bandia. Linalonigusa ni kwamba vitabu vya dini vyenyewe, pale vinapodai utii kwa Mungu juu ya utii kwa wazazi, mara nyingi havimwachii mtu upenyo wa kulikimbia deni hili. Katika Kurani, sura ya Luqman, aya ya 15, anayeshinikizwa na wazazi wake kumshirikisha Mungu anaambiwa asiwatii katika hilo, na papo hapo anaambiwa akae nao duniani kwa wema. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea wanaotangaza mali yao kuwa wakfu kwa Mungu ili wasimsaidie baba au mama. Unaponiuliza kama ukweli una haki ya kukutenganisha na watu waliokuzaa, jibu langu ni kwamba unaweza kukutenganisha nao katika kukiri na katika ibada, na hilo linauma kwelikweli. Haukupi ruhusa ya kuwatenga katika huduma na upendo. Kama kuna anayekuambia kwamba uaminifu wako mpya unadai pia hilo la pili, mwambie akuonyeshe limeandikwa wapi.

Sasa mama. Pauline Boss, mtaalamu wa familia, ametumia miongo mingi kuanzia miaka ya 1970 akichunguza aina ya hasara ambayo haina mwisho ulio wazi, kama ya familia ambazo ndugu yao amepotea asijulikane kama yu hai, au ambazo mgonjwa wao yupo kwa mwili ila akili imeondoka. Msiba wa kawaida una mazishi, una watu wanaokuja kukaa nawe, una siku ya kuanua matanga. Hasara ya namna hii haina kitu kama hicho, kwa hiyo huzuni yake hukaa tu, bila pa kwenda. Naona mama yako yumo katika hali inayofanana na hiyo. Anaye mtoto wake, anamwona, anampikia, na kuna sehemu ya mtoto yule ambayo anaamini ameipoteza, na hakuna jirani atakayekuja kumpa pole kwa sababu hakuna aliyefariki. Huenda pia anaogopa kwamba, kwa mujibu wa imani yake, baada ya kifo hamtakutana. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo anaweza kunyamaza kwa sababu neno lolote atakalolisema litamliza. Usiuhesabu ukimya wake kuwa hukumu kabla hujamwuliza. Mwulize hivi: "Mama, kinachokuumiza zaidi ni nini katika jambo langu?" Kisha usijibu chochote. Sikiliza mpaka amalize, na umshukuru kwa kukuambia.

Swali la kitabu cha sala linahitaji kutazamwa polepole, kwa kuwa litarudi. Kuna mambo matatu ambayo usiku ule yalikugongana: kuwapo, kuhudumia, na kukiri. Kuwapo ni kukaa katika chumba ambamo mama anasali. Kuhudumia ni kumsaidia yeye kusali, kama vile kumshikia kitabu, kumfungulia ukurasa au kumsomea maneno ambayo macho yake yameshindwa kuyaona. Kukiri ni kuyafanya maneno yale kuwa yako mbele za Mungu. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, yumo Naamani, jemadari aliyeiacha ibada ya miungu ya kwao, ambaye anamwuliza nabii Elisha afanye nini pale mfalme wake atakapoingia katika nyumba ya mungu Rimoni akiwa ameuegemea mkono wake, na yeye ikambidi ainame pamoja naye. Elisha anamjibu tu kwamba aende kwa amani. Wafasiri wamebishana sana kuhusu jibu lile, na mimi sitalifanya kuwa sheria. Nalitaja ili ujue kwamba swali lako lina zaidi ya miaka elfu mbili, na kwamba walioulizwa zamani hawakulijibu kwa ukali.

Unazo njia tatu. Unaweza kukataa kabisa kuwa karibu na sala zile. Njia hii ni wazi na haina utata, na gharama yake ni kwamba mama mgonjwa atakuona ukitoka chumbani kila anapomwita Mungu. Unaweza kukaa, ukamshika mkono, dada akasoma. Hapa hukiri chochote na humwachi peke yake, na kwa watu wengi njia hii inatosha. Unaweza pia kumsomea mwenyewe. Kuhusu hii ya mwisho maoni yangu ni haya: ili uongo uwe uongo, lazima awepo anayedanganywa. Kama mama anajua vizuri umesimama wapi, na anajua unamkopesha macho na sauti yako kwa maneno yaliyo yake, hakuna aliyedanganywa katika chumba kile. Lakini ikiwa imani yako mpya inahesabu kusoma huko kuwa ni ibada, au dhamiri yako inakataa hata baada ya kufikiri kwa utulivu, usiikanyage dhamiri yako. Kaa, mshike mkono. Ambalo ningekusihi usilifanye ni kumsomea huku ukimwacha aamini kwamba umerudi, kwa kuwa faraja ile atakuja kuinyang'anywa. Wala usikigeuze kitanda cha mgonjwa kuwa mahali pa mjadala, hata kama yeye ndiye aliyeanza.

Kuna mwanamke mmoja ambaye maisha yake nayafikiria kila ninapoletewa swali la namna hii. Edith Stein alizaliwa mwaka 1891 katika familia ya Kiyahudi iliyoshika dini, akawa mwanafalsafa, na tarehe 1 Januari 1922 akabatizwa kuwa Mkatoliki. Alikwenda kumwambia mama yake ana kwa ana, na mama yule, mjane shupavu aliyewalea watoto wake peke yake huku akiendesha biashara ya mbao, alilia. Hawakukubaliana tena katika imani mpaka kifo. Hata hivyo Edith aliendelea kwenda na mama yake katika sinagogi kila alipokuwa nyumbani, na tarehe 12 Oktoba 1933, siku ya kuzaliwa kwake, iliyokuwa pia siku yake ya mwisho nyumbani kabla ya kwenda kuingia utawani, walikwenda pamoja. Mama alifariki mwaka 1936. Uvumi ukaenea miongoni mwa Wakatoliki kwamba yule bibi alibadili dini kabla ya kukata roho. Ulikuwa uvumi mtamu, ulioipendeza imani mpya ya bintiye na ambao ungeweza kumfariji. Edith aliukanusha waziwazi kwa maandishi, akasema uvumi ule hauna msingi wowote na kwamba mama yake aliishika imani yake hadi mwisho. Miaka sita baadaye, mwaka 1942, Wanazi walimwua Auschwitz kwa sababu alikuwa Myahudi wa kuzaliwa.

Nimekuletea kisa hiki kwa ajili ya lile kanusho hasa, kwa kuwa linajibu swali lako kuhusu ushuhuda. Uaminifu kwa ukweli hupimwa pale ambapo uongo ungeipendelea imani uliyoichagua. Umeambiwa usimame useme kwamba ulitolewa gizani. Ikiwa unachokikumbuka kuhusu nyumba yenu ni baba aliyesali kwa unyofu na mama aliyewafundisha kutochukua cha mtu, basi kuiita giza mbele ya watu ili wafurahi ni kusema jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui kuwa kweli.

Na uongo wa namna hii haupiti bila kuacha alama. Mwaka 1959 Leon Festinger na James Carlsmith walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa saikolojia huanza nalo masomo yao. Vijana walifanyishwa kazi ya kuchosha kwa muda wa saa moja, ikiwamo kugeuzageuza vigingi ubaoni, kisha wakaombwa wamwambie aliyefuata kwamba kazi ile inapendeza. Wengine walilipwa dola 1 kwa kusema hivyo, wengine dola 20. Walipoulizwa baadaye waliionaje kazi ile kwa kweli, waliolipwa dola 1 ndio walioisifu zaidi. Aliyepewa dola 20 alijua kwa nini alidanganya. Aliyepewa dola 1 hakuwa na sababu ya kutosha mkononi, basi moyo wake ukaligeuza neno lake kuwa maoni yake. Fikiria sasa mkutano uliojaa watu wanaokupenda, wanaosubiri kuitikia kwa sauti kila unapotamka neno giza. Msukumo ni mdogo, mdogo kama dola ile moja. Ukitoa ushuhuda huo mara tano, mara ya sita utakuwa unaukumbuka utoto ambao hukuupitia, na baba atakuwa amekufa mara ya pili.

Sikushauri ukatae kushuhudia. Waambie viongozi wako kwamba utasema kweli yote: ulichotafuta, ulichokipata, na pia wema uliotoka nao nyumbani. John Henry Newman, aliyehama kutoka Kanisa la Uingereza kwenda Kanisa Katoliki mwaka 1845 na kupoteza marafiki wengi kwa hatua hiyo, alipotuhumiwa hadharani mwaka 1864 kwamba si mtu mkweli, alijibu kwa kusimulia kwa undani jinsi fikra zake zilivyobadilika hatua kwa hatua, akiwataja kwa heshima na upendo wale aliowaacha. Wengi wa Kanisa alilotoka, waliokuwa wamemwekea kinyongo kwa karibu miaka ishirini, walimheshimu tangu hapo. Viongozi wako wakikubali ushuhuda wa namna hiyo, umepata jamaa njema. Wakikuambia kwamba ukweli nusu una nguvu zaidi, litafakari kwa makini jibu hilo, kwa sababu uliondoka nyumbani kwa ajili ya ukweli mzima.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho, la ukweli na ukaidi. Mkaidi na mwaminifu hufanana kwa nje, kwa kuwa wote wawili hawatikisiki wanapolaumiwa. Hutofautiana katika jambo moja: mwaminifu bado anaweza kusahihishwa. B. R. Ambedkar, mwanasheria wa India aliyewatetea watu wa matabaka yaliyodharauliwa katika jamii ya Wahindu, alitangaza mwaka 1935 kwamba hatakufa akiwa Mhindu, na hakuingia dini ya Buddha mpaka tarehe 14 Oktoba 1956, baada ya miaka 21 ya kusoma na kulinganisha. Hasira dhidi ya alichokiacha ilikuwa kubwa na yenye sababu, lakini hakuiruhusu imchagulie aendako. Malcolm X naye, mtetezi wa haki za watu weusi nchini Marekani, baada ya miaka mingi ya kuihudumia jumuiya ya kidini iliyomtoa katika maisha ya uhalifu, aliiacha Machi 1964, na katika hija ya Makka mwezi uliofuata akakiri waziwazi kwamba alichokuwa akikihubiri kuhusu uovu wa watu weupe wote kimekanushwa na aliyoyaona kwa macho yake. Ukweli ulikuwa umemhamisha mara ya kwanza, na alipoona unamdai tena hakuufungia mlango.

Jaribu zoezi hili, peke yako, kwa kalamu na karatasi. Andika imani ya baba yako kwa ukurasa mmoja, kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeisoma na kusema, "Naam, hivi ndivyo ninavyoamini." Kama huwezi, bado hujaipima, umeikimbia tu. Kisha andika ni jambo gani, likithibitika, lingekufanya uifikirie upya imani yako ya sasa. Ukikuta hakuna hata moja, rudi kwenye vitabu. Nimewahi kumpa zoezi hili mtu mmoja aliyeniambia kwamba hana shaka yoyote. Aliandika mistari minne, akakaa na kalamu hewani kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anachokijua ni makosa ya wazazi wake tu. Ilikuwa siku nzuri kwake, ingawa hakuiona hivyo. Na kama siku moja kupima kwako kutakurudisha kwenye dini ya ukoo, hutakuwa umeaibika. Utakuwa umeingia kwa miguu yako mahali ulipokuwa umebebwa.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliyatoshi. Familia yako inajua na inakulaumu kwa maneno. Wapo wasomaji ambao wakijulikana wanaweza kupigwa, kufungiwa, kuozwa kwa nguvu au kushtakiwa. Ibara ya 18 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inataja wazi uhuru wa mtu kubadili dini yake, lakini zipo nchi ambazo sheria zake hazikubaliani na hilo. Aliye katika hatari ya namna hiyo asijilaumu kwa kunyamaza. Atafute kwanza mahali salama, mwanasheria anayeijua sheria ya nchi yake, na mtu mmoja wa kumwamini, mengine yatafuata. Kwa upande wako, ikiwa usingizi umekukimbia kwa majuma kadhaa, kama chakula hakipiti, au kama umewahi kuwaza kwamba ni afadhali usiwepo, nenda ukaonane na daktari au mtaalamu wa afya ya akili ana kwa ana, na hilo la mwisho usilisubirishe hata siku moja. Na ikiwa ibada yako mpya itakuamuru uvunje mawasiliano na mama mgonjwa, zungumza na mtu aliye nje ya ibada zote mbili kabla ya kutii.

Kuhusu kitabu chenyewe, nadhani kiko karibu na mto wa mama hata sasa. Huhitaji kusubiri usiku mwingine mgumu ndipo ukishike tena. Siku atakapokuwa na nguvu kidogo, kaa kando yake, kifungue pale penye alama nzito zaidi ya kidole, na umwulize baba alipendea nini ukurasa ule.